Tanki la Getini

Kaka yangu alinunua tanki la maji kubwa kuliko chumba nilicholala utotoni, akaliweka getini. Si karibu na jiko, si karibu na banda la ng'ombe. Getini, kando ya barabara, juu ya msingi wa mawe uliopakwa chokaa, mahali ambapo kila anayekwenda kanisani lazima alione. Ilikuwa Desemba, na anayewafahamu Wachagga anajua Desemba ni nini kwetu: magari yanapanda mlima moja nyuma ya jingine, kila ukoo unarudi nyumbani, na wapita njia wanakagua geti la kila mtu kujua mwaka umemwendeaje. Mwaka ule geti letu lilipata alama za juu.

Mimi sikuwepo lilipowekwa. Nafundisha fizikia katika sekondari moja ya Moshi mjini, na wakati kaka anasimamia mafundi nilikuwa nimeinamia karatasi za mitihani. Nilipopanda mkesha wa Krismasi nikalikuta, jeusi, linang'aa. Nikalizunguka, nikaligonga, nikamuuliza kaka, "Na maji yatafikaje bandani?"

Akanitazama kama nimeuliza swali la kitoto. "Si kuna ndoo?"

Lazima nieleze kihamba chetu kilivyokaa, maana bila hilo hasira yangu haitaeleweka. Kihamba ni shamba la ukoo, lenye nyumba, migomba, kahawa na makaburi humo humo. Chetu ni chembamba na kimelala kwenye mteremko. Chini kabisa ni barabara na geti. Ukipanda kidogo unakuta nyumba ya mama. Juu ya nyumba ni banda la ng'ombe, ambalo babu alilijenga pale kwa makusudi ili samadi iteremke yenyewe mpaka kwenye migomba. Juu ya banda ni makaburi mawili, la babu na la baba. Kisha unafika kwenye mstari wa masale, ile mimea ya majani marefu ambayo kwetu ndiyo mpaka wa shamba, na ng'ambo yake ni kihamba cha baba mdogo, ndugu yake baba wa tumbo moja.

Sasa fikiria maji. Yanatoka juu msituni kwa bomba la mserereko, yakiteremka yenyewe, yanapita kwa baba mdogo, yanashuka pembeni mwa kihamba chetu hadi getini, yanaingia kwenye tanki na kutulia. Halafu mama yangu, mwenye miaka sabini na kitu, anayachota kwa ndoo na kuyapandisha tena hadi bandani, karibu na pale pale yalipopita yakija. Mlima ulikuwa umetuletea nguvu ya bure mlangoni, sisi tukaimwaga barabarani ili watu waone tanki. Nilikasirika. Mimi ni mwepesi wa kukasirika, na ualimu haujanipunguzia. Lakini mama alikuwa anapokea pongezi za majirani kwa furaha, ikabidi nimeze maneno yangu pamoja na mtori.

Shule zilipofunguliwa nikafika kwenye mada ya nishati. Naipenda mada hii kuliko zote. Naleta jiwe darasani, naliinua kutoka sakafuni, naliweka juu ya meza, nawaambia wanafunzi: nimefanya kazi kulipandisha, na kazi ile haijapotea. Imehifadhiwa, inasubiri. Hiyo ndiyo nishati tuli. Nikilisukuma likaanguka, nitarudishiwa yote, kwa kishindo na pengine kwa kidole cha mguu cha mtu. Huwa wanacheka, wanaandika, tunasonga mbele. Safari hii binti mmoja wa nyuma akanyoosha mkono.

"Mwalimu, hiyo nishati imekaa sehemu gani ya jiwe?"

Nikamjibu kama kitabu kinavyojibu, kwamba jiwe linayo kwa sababu ya kimo chake.

"Tukilipasua tutaiona?"

Darasa likaangua kicheko. Nikawanyamazisha, na kwa kweli nilikuwa najinyamazisha na mimi. Binti hakucheka. Akaendelea, "Na tukichimba shimo pembeni ya meza, jiwe lina safari ndefu zaidi ya kuanguka. Nishati imeongezeka. Lakini jiwe hatujaligusa, mwalimu. Imeingiaje?"

Kengele ikaniokoa. Nilimwambia ni swali zuri na kwamba tutalirudia, maneno ambayo walimu tunayatumia tukiwa hatuna jibu. Tangu siku ile sikuwa na raha. Nilikuwa nimefundisha mada hiyo tangu ujana, na mtoto alikuwa ameniuliza anwani ya kitu ninachokisifu kila mwaka, nami sikuijua.

Kila Jumamosi nilikuwa napanda kwa mama, na kwa sababu ya binti yule nikaanza kumtazama mama kwa macho ya udadisi. Anajaza ndoo, anaiweka kichwani, anapanda. Anapumzika kwenye kona ya nyumba, anapanda tena. Anamimina kwenye hori. Nikajiuliza, kazi yote hii inakwenda wapi? Ng'ombe anakunywa. Maji yanakuwa maziwa na mkojo. Maziwa yanateremka jikoni, mengine yanateremka Moshi. Mkojo unateremka kwenye migomba. Ndizi zinateremka sokoni. Kila kitu pale kwetu kilikuwa kinateremka, isipokuwa mama.

Nilimwambia hivyo akacheka sana. "Basi mimi ndiye pampu yenu," akasema.

Masika yakaja. Njia ya kupanda bandani ikawa utelezi mtupu, na asubuhi moja mama akaanguka na ndoo yake. Jirani alimkuta amekaa kwenye tope, ameshika goti, anaisema ile ndoo kwa Kichagga maneno ambayo sitayaandika. Mfupa haukuvunjika, Mungu ni mwema, lakini goti lilivimba na daktari akamkataza kubeba mizigo. Jioni kaka akapiga simu kutoka Dar. Hakuwa na maneno mengi.

"Krismasi hii ng'ombe anauzwa na mama anashuka kwako Moshi, Shirimatunda. Wewe una vyumba vimekaa tu."

Ni kweli vimekaa tu. Mume wangu alifariki, watoto wameondoka mmoja mmoja kutafuta maisha, na nyumba yangu jioni ina ukimya wa kunifanya niwashe redio nisiyoisikiliza. Sikusema kitu kwenye simu. Kaka akachukua ukimya wangu kuwa ndiyo.

Mama alipoambiwa hakupiga kelele. Alikuwa kitandani, goti limefungwa bandeji. "Nishuke nikafanye nini huko kwenye tambarare?" akasema. "Ng'ombe akiondoka, migomba itakosa samadi. Migomba ikifa, hapa patakuwa makaburi matupu. Nani atakaa na baba yenu?" Kisha akageukia ukutani. Nikatoka nje nikalie kwenye kahawa, maana sikutaka anione.

Hapo ndipo nilipojipa kazi. Kabla ya Desemba, maji yafike bandani yenyewe. Yakifika, kaka hatakuwa na sababu tena.

Nilianza kwa kumwonyesha mama tatizo, maana alikuwa bado anaamini tanki likijaa sana maji yatapata nguvu ya kupanda. Niliazima mpira mrefu wa maji kwa fundi mwashi, ule mweupe unaopitisha mwanga ambao mafundi hupimia levo. Ukiujaza maji, hata ukiupitisha bondeni na kwenye migomba, maji ya ncha hii na maji ya ncha ile yanakaa kimo kimoja. Nikamketisha mama kwenye kigoda juu ya msingi wa tanki, nikampa ncha moja niliyoifunga kwenye ufito, aiinue sawa na ukingo wa juu kabisa. Mimi nikapanda na ncha nyingine.

"Yamefika wapi?" akapaza sauti.

Yalikuwa yamefika kwenye ngazi ya baraza ya nyumba yake. Hapo hapo basi. Nikipandisha mpira zaidi, maji yanabaki nyuma.

"Hata jikoni hayafiki?"

"Hayafiki, mama."

"Tanki lote hili?"

"Hata lingekuwa kubwa kama kanisa. Ukubwa hauna shughuli hapa. Shughuli ni kimo."

Akautazama mpira, akalitazama tanki, akaligonga tumboni kama mtu anayepima papai. "Ama kweli mwanangu wa kiume ana heshima," akasema. "Amewajengea wapita njia kisima." Tulicheka mpaka akalalamika goti.

Fundi bomba nilimwita Jumamosi iliyofuata. Hakusumbuka sana. Tanki lipande, akasema, lijazwe na bomba huku huku juu kabla maji hayajashuka, na litakuwa na nguvu ya kufika kokote chini yake. Lakini lipande wapi? Tanki likijaa ni mzigo mkubwa, linahitaji mahali tambarare na imara. Upande wetu wa juu kuna makaburi, na penye nafasi ni mteremko wa kutisha. Akavuka mstari wa masale, akakanyaga kanyaga, akarudi ameridhika. "Pale pale," akasema, akionyesha kona moja nzuri, tambarare, ng'ambo. "Na bomba lenyewe linapita hapo hapo."

Kona ile ni ya baba mdogo. Na mama na baba mdogo walikuwa hawaongei tangu tulipomzika baba.

Ugomvi wenyewe ulikuwa hivi. Mwaka ule wa msiba mvua ilinyesha bila huruma, na ilipokatika, mama alipokwenda kupalilia kaburi aliona masale yamesogea. Mstari ulikuwa umeingia upande wetu, ukameza kahawa zake nzuri. Kwetu mtu akisogeza masale hajaiba shamba tu. Amewakosea waliolala humo. Laana yake haimpiti mtoto wala mjukuu. Mama akasimama pale mpakani na kusema kwa sauti, majirani wakisikia, kwamba kikulacho ki nguoni mwako, na kwamba shemeji yake hakungoja hata udongo wa kaburi ukauke. Baba mdogo alisikia kutoka shambani kwake. Hakujibu. Aliingia ndani, na tangu siku hiyo hakukanyaga kwetu, si Krismasi, si Pasaka, hata pale mama alipoanguka.

"Bora nibebe ndoo kwa meno," mama akasema nilipotaja ile kona. "Yeye alisogeza masale. Masale hayatembei."

Nilipanda makaburini peke yangu, nimekasirika na wote wawili. Nikakaa kwenye ukingo wa kaburi la baba, nikatazama ule mstari uliotunyima baba mdogo. Sijui kwa nini sikuwahi kuutazama hivyo. Labda kwa sababu nilikuwa nimeshaambiwa nini cha kuona.

Ncha zake mbili, ya kushoto na ya kulia, zilikuwa mahali pake pa zamani, kwenye mawe aliyoyaweka babu. Katikati ndiko kulikokuwa kumelegea na kushuka, kama kamba ya kuanikia nguo iliyobeba blanketi. Nikashangaa. Mwizi wa mpaka atasogeza katikati tu aache ncha? Nikasimama. Pale katikati kuna mgrivea mkubwa, nao nikauona upya: shina limepinda chini kabisa, kisha likanyooka kuelekea juu, kama mti ulioinamishwa ukajikumbusha kusimama. Masale yenyewe ya katikati yalikuwa yameegemea. Nikavuka, bila ruhusa, nikapanda hatua chache upande wa baba mdogo. Kwenye majani nikakuta kijiukingo kilichopinda kama mwezi mchanga, udongo wa juu yake uko juu, wa chini yake uko chini. Kilikuwa kimeshaota nyasi, lakini ulikuwa ufa.

Nikaelewa. Hakuna aliyesogeza kitu. Kipande kizima cha ardhi kilikuwa kimeteremka katika mvua ile, polepole, kikiwa kimebeba masale na mgrivea vikiwa bado vimesimama mgongoni mwake. Udongo ule ulikuwa umekaa pale juu miaka yote kama jiwe juu ya meza. Mvua ikaulowesha, ukateleza hatua moja, ukatulia tena. Ile hatua moja ndiyo iliyotugombanisha.

Niliteremka mbio nikamshika mama mkono. Alikataa. Nikamwambia goti lako litatusamehe, njoo. Tulipanda kwa kupumzika pumzika, ananisema njia nzima. Nilimwonyesha ncha mbili. Nilimwonyesha mgrivea. Nilimsimamisha mpakani nikamwonyesha ufa kwa mbali, maana kuvuka hakuthubutu. Nilimweleza kama ninavyoeleza darasani, kwa mikono, kwa kurudia, na yeye akafuata kidole changu kwa macho. Nilitegemea abishe. Mama yangu ni mbishi kuliko mimi.

"Yesu na Maria," akasema mwishowe. "Kumbe nimemtukana mtu kwa kosa la mlima."

Akakaa chini pale pale kwenye majani. Uso ulikuwa umemshuka. Nilitaka kumwambia kwamba hakujua, kwamba yeyote angedhani hivyo, lakini mama si mtu wa kufarijiwa kwa maneno ya haraka. Tulikaa mpaka jua likazama nyuma ya migomba.

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Tuliporudi misa, hakuvua nguo zake za kanisani. Alipanda hadi kwenye kaburi la baba, akakata jani moja la isale lililoota pale, akalifunga fundo. Kwetu, ukimkosea mtu kosa ambalo maneno hayalitoshi, unampelekea isale. Na anayepelekewa hana ruhusa ya kukataa. Nilitaka nimbebee jani, akanikatalia. Nilitaka nimshike mkono, akanipa mkoba wake nishike huo.

Baba mdogo alikuwa kwenye kiti nje ya nyumba yake, anamenya ndizi kwa ajili ya chakula cha mchana. Alituona tangu tunavuka mpaka, akaacha kumenya, lakini hakusimama.

"Shikamoo, baba mdogo," nikasema.

"Marahaba, mwanangu." Hakuniangalia. Alikuwa anaangalia mkono wa mama.

Mama alimkabidhi jani kwa mikono miwili. "Shemeji, nilisema uliiba. Hukuiba. Nimekuja kukuomba."

Alilipokea. Akaligeuza, akalitazama lile fundo. "Umechelewa," akasema.

"Kupanda kuna kazi," mama akajibu. Kisha ule ubishi wake ukamrudia. "Lakini wewe uko juu, shemeji. Kushuka hakuna kazi. Mbona hukushuka?"

Baba mdogo akacheka, kicheko kifupi kilichomshtua mwenyewe, na macho yakamjaa machozi. "Nilikuwa najua," akasema. "Ule ufa niliuona asubuhi mvua ilipokatika."

Sikuweza kuvumilia. "Ulijua? Miaka yote hii? Sasa kwa nini hukusema?"

"Ningesemaje, mwanangu? Kwamba mlima wenyewe umeamua kuniongezea shamba? Nani angekuwa wa kwanza kunicheka? Nilitaka mtu aje atazame, aone mwenyewe. Hakuna aliyekuja kutazama." Akalifuta jani kwa kidole gumba, akaliweka mfukoni mwa shati, upande wa moyo. "Aika, shemeji, asante. Karibu ukae. Hilo goti nililisikia."

Walikaa. Mama akachukua kisu cha pili akaanza kumenya ndizi bila kuombwa, na nikabaki nimesimama na mkoba, nikiwatazama. Wakati huo ndipo jibu la yule binti lilinijia. Nishati haimo kwenye jiwe, ndiyo maana ukilipasua huikuti. Haimo kwenye ardhi pia. Iko kati yao, ni ya wote wawili, na ukichimba shimo pembeni ya meza hujaligusa jiwe lakini umeugusa umbali. Miaka yote nilikuwa nauliza huu ugomvi umekaa kwa nani, kwa mama au kwa baba mdogo, na nilikuwa nimeuliza vibaya. Jumatatu nilimwita binti nikamjibu. Alifikiri kidogo, akasema, "Kwa hiyo kitu kikiwa peke yake kabisa ulimwenguni, hakina?" Nikamwambia hakina. Akaridhika, akaenda zake kucheza mpira wa pete. Mimi ndiye niliyebaki nafikiri.

Kiangazi kilipokausha njia, vijana wa jirani walikuja kulipandisha tanki. Tanki tupu ni jepesi, ila ni kubwa na halishikiki. Walilibingirisha wakiimba, likawaponyoka mara moja likarudi chini likiangusha migomba, wakacheka, wakalianza upya. Baba mdogo alikuwa amesimama kwenye kona yake anatoa amri ambazo hakuna aliyezifuata. Fundi akaunga bomba, akalaza mpira kupita pembeni ya makaburi, akafunga koki bandani na nyingine jikoni. Mama alisimama mbele ya hori. Baba mdogo akafungua kule juu. Tukasikia kwanza hewa inakohoa ndani ya mpira, halafu maji yakatoka kwa nguvu yakampiga ng'ombe usoni, akaruka kamba ikakatika, tukamfukuza kihamba kizima. Mama hakutusaidia. Alikuwa ameweka kiganja chake chini ya koki na hakukitoa.

Kaka alifika wiki ya Krismasi. Alisimamisha gari getini, akashuka, akatazama ule msingi mweupe ambao mama alikuwa ameanika maharage juu yake.

"Tanki limeibiwa?"

"Limepanda," mama akasema. "Nenda ukalione."

"Lakini huko juu nani ataliona?"

"Ng'ombe analiona."

Kaka si mtu mbaya. Alipanda na viatu vyake vya mjini, akamkuta baba mdogo bandani akitia majani kwenye hori, akampa shikamoo. Akafungua koki, akafunga, akafungua. Alikuwa ameshapata mnunuzi wa ng'ombe kutoka Sanya Juu. Akasogea pembeni kwenye migomba, nikamsikia anamwambia kwenye simu kwamba biashara haipo tena, mama haondoki.

Niliruka ruka moyoni. Nilikuwa nimeshinda. Tulikula nyama, tukanywa mbege, baba mdogo akakaa kwenye kiti cha baba, na mama akaongea kuliko sisi sote.

Baada ya mwaka mpya kila mtu aliteremka kwake. Mimi niliondoka wa mwisho. Mama alinisindikiza, goti lake likiwa zuri zaidi, akanipa maziwa kwenye chupa na mchicha kwenye mfuko. Tulipofika getini akasimama.

"Vile vyumba vyako bado vimekaa tu?"

"Vipo, mama."

"Ulikuwa unataka nije?"

Nilitaka kumwambia hapana, nilitaka kumwambia yeye ni wa huku, lakini midomo yangu ilikataa uongo. "Nilitaka," nikasema. "Tangu hata kabla hujaanguka."

Hakuniangalia. Alikuwa anatoa mchanga kwenye yale maharage, punje kwa punje.

"Kaka yako aliniambia nashuka," akasema. "Wewe ulinyamaza, halafu ukahangaika na mabomba mwaka mzima nisishuke. Nikadhani hunitaki." Akakung'uta mikono. "Ungeniomba, mwanangu, ningekuja."

Kisha akaniambia niwahi kabla mvua haijanikuta njiani, akafunga geti, akaanza kupanda.